Sahihi kwa Sahihi: Namna Ufalme wa Sikkim Ulivyokwisha

Tarehe 1 Februari 1835, mfalme wa nchi ndogo iliyojibanza kwenye miteremko ya Himalaya alitoa hati fupi ya zawadi. Waingereza wa Kampuni ya India Mashariki walikuwa wameomba kilima kimoja chenye ubaridi, mahali ambapo watumishi wao waliodhoofishwa na joto na homa za nyanda za Bengal wangekwenda kupumzika na kupata nafuu. Mfalme Tsugphud Namgyal alikubali, na hati yenyewe ikaeleza kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya urafiki. Kilima hicho ni Darjeeling. Leo jina lake limechapwa kwenye makopo ya chai dunia nzima, na wanywaji wachache mno wanajua kwamba mashamba yale yako juu ya ardhi iliyokuwa ya ufalme ulioitwa Sikkim.

Zawadi ile haikuua ufalme. Sikkim iliishi miaka 140 mingine. Lakini tangu siku ile kila kizazi cha watawala wake kiliwekewa mezani karatasi nyingine, na kila karatasi ilipokwisha kutiwa sahihi, nchi ilibaki imepungua kidogo. Askari wa India walipoingia katika kasri la Gangtok mwezi Aprili 1975, kilichobaki kuchukuliwa kilikuwa kidogo sana. Ndiyo maana historia hii inastahili kusomwa taratibu, hati baada ya hati. Anayeanza kuisoma na milio ya bunduki ya 1975 ameikuta imekwisha.

Ramani inaeleza nusu ya mkasa. Sikkim ina eneo la kilomita za mraba 7,096 tu. Magharibi yake ni Nepali, mashariki ni Bhutan, kaskazini ni Tibet, kusini ni vilima vya Darjeeling. Juu yake umesimama mlima Kangchenjunga, wenye urefu wa mita 8,586, wa tatu duniani, ambao wenyeji wanauheshimu kama mlinzi wa nchi. Wapandaji wa kwanza kuufikia, Waingereza Joe Brown na George Band, mwaka 1955 walisimama hatua chache kabla ya kilele na hawakukikanyaga, kwa sababu kiongozi wa msafara wao alikuwa amemwahidi mtawala wa Sikkim kwamba kilele hakitaguswa. Katika historia ninayoisimulia, hiyo ni moja ya ahadi chache ambazo mgeni alimpa mtawala wa Sikkim akaitimiza kikamilifu.

Ufalme ulianza 1642. Watawa watatu wa dini ya Budha waliotoka Tibet walikutana mahali paitwapo Yuksom, wakamsimika Phuntsog Namgyal kuwa Chogyal, yaani mfalme anayetawala kwa mujibu wa dini. Ukoo wake, wa Wabhutia waliohamia kutoka Tibet, uliwakuta Walepcha, watu wa misituni walioishi humo tangu zamani, pamoja na Walimbu wa upande wa magharibi. Masimulizi ya nchi yanasema kwamba mababu wa Wabhutia na Walepcha walikuwa wamechanjiana damu huko Kabi karne kadhaa kabla, na udugu huo ukawa ndio msingi wa dola. Kwa zaidi ya miaka mia ufalme ulijiendea. Kisha, mwishoni mwa karne ya 18, Magurkha wa Nepali walivamia, wakaiteka Rabdentse, mji mkuu wa wakati huo, na mtawala akakimbilia Tibet.

Hapo ndipo Waingereza walipoingia. Walipigana na Nepali kuanzia 1814 hadi 1816, wakashinda, na kwa Mkataba wa Titalia wa 1817 wakairudishia Sikkim ardhi iliyoporwa. Kwa mfalme aliyekuwa ametoka kupoteza karibu kila kitu, huo ulikuwa wema mkubwa. Ndani ya mkataba huohuo, hata hivyo, alikubali kwamba ugomvi wowote kati yake na majirani zake utapelekwa kwa Waingereza kuamuliwa. Akapata ardhi, akatoa uamuzi wake. Miaka 18 baadaye ikaja barua ya kuomba Darjeeling.

Kwa fidia ya kilima kile Kampuni ilikuja kumlipa mfalme rupia 3,000 kwa mwaka, kisha 6,000. Mwaka 1849 Archibald Campbell, msimamizi wa Darjeeling, na mtaalamu wa mimea Joseph Hooker walipita Sikkim kuelekea mpaka wa Tibet, na maofisa wa mfalme wakawakamata na kuwazuia kwa wiki kadhaa. Waingereza walijibu kwa kutuma jeshi. Walikata malipo, wakatwaa ukanda wote wa nyanda za chini uliokuwa umeizunguka Darjeeling, na kuanzia hapo mfanyabiashara wa Sikkim aliyetaka kushuka tambarare alilazimika kupita katika ardhi ya Mwingereza. Wahenga walisema ukimpa shubiri huchukua pima. Mkataba wa Tumlong wa 1861, uliotiwa sahihi na mwana wa mfalme kwa sababu baba mtu alikuwa amekimbilia bonde la Chumbi upande wa Tibet, uliwafungulia Waingereza njia, biashara na barabara ndani ya Sikkim. Hicho kilichokuwa ufalme sasa kilikuwa nchi lindwa, ingawa neno lenyewe lilikuwa halijaandikwa.

Liliandikwa 1890. Mwaka huo Uingereza na China zilikaa Calcutta zikakubaliana mpaka kati ya Sikkim na Tibet, na zikatambua kwamba Sikkim iko chini ya ulinzi wa Uingereza, ambayo peke yake itasimamia mambo yake ya ndani na ya nje. Sikkim yenyewe haikuwapo mezani. Msomaji wa pwani yetu ataukumbuka mwaka huo kwa sababu nyingine: ndio mwaka ambao Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, baada ya London na Berlin kuelewana. Dola moja, mwaka mmoja, kisiwa cha karafuu huku na bonde la iliki kule, na maneno yaleyale ya ulinzi.

Ofisa wa Kiingereza aliyetumwa Gangtok, John Claude White, alikuta mfalme asiyetaka kunyenyekea. Thutob Namgyal alizuiliwa kwa miaka kadhaa, sehemu ya muda huo akiwa nje ya nchi yake, na serikali ikaendeshwa na baraza lililochaguliwa na White. Katika miaka hiyo yalifanyika mabadiliko ambayo yana uzito kuliko mikataba yote. Waingereza walihitaji kodi, na kodi ilihitaji wakulima. Wakahimiza Wanepali waje kufyeka misitu, kukata matuta na kulima. Hesabu ya watu ya 1891 ilipata watu 30,000 na ushee katika Sikkim nzima, na Walepcha na Wabhutia kwa pamoja hawakuzidi 11,000. Thutob alipinga uhamiaji huo kwa nguvu zake zote. Yeye na malkia wake Yeshe Dolma waliandika historia ya nchi yao, iliyokamilika 1908, na uchungu wa miaka ile umejaa humo.

Nina huruma na uchungu wa Thutob. Alikuwa anatazama nchi yake ikigeuzwa bila yeye kuulizwa. Lakini mkulima wa Kinepali aliyefika na jembe lake hakuwa jeshi la uvamizi. Alikuwa maskini aliyefuata ardhi, akalima milima iliyokuwa haijalimwa, akazaa watoto ambao hawakujua nchi nyingine. Kosa kubwa la ukoo wa Namgyal, kwa maoni yangu, ni kwamba kwa miaka themanini iliyofuata uliendelea kumhesabu mtu huyo kama mgeni, huku ukila jasho lake. Alitozwa kodi ya ardhi kubwa kuliko ya Mbhutia au Mlepcha. Alifanyishwa shokoa. Ilikuwapo shokoa ya kalobhari, ya kubeba mizigo mizito iliyofungwa turubai nyeusi hadi Tibet, iliyotokana na misafara ya Waingereza, na ilikuwapo jharlangi, ya kumfanyia kazi bure mwenye ardhi au ofisa aliyepita. Juu yake walikaa makabaila, wenye cheo kiitwacho kazi, waliokusanya kodi, kuamua kesi na kuchukua fungu lao.

Waingereza walipofunga virago 1947, suala la Sikkim likabaki juu ya meza ya Delhi. Falme zaidi ya 500 za ndani ya India zilikuwa zinaunganishwa moja baada ya nyingine, na Vallabhbhai Patel, aliyesimamia kazi hiyo, aliona Sikkim iingie kapu hilohilo. Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru alikataa. Alisema Sikkim na Bhutan zina hali ya pekee na zishughulikiwe kwa pekee. Ndani ya Sikkim kwenyewe, mwezi Desemba 1947 makundi ya wakulima na wasomi yaliungana kuunda Sikkim State Congress chini ya Tashi Tshering, Mbhutia mmoja aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali, wakadai mambo matatu: ukabaila ufutwe, serikali ya wananchi iundwe, na Sikkim ijiunge na India. Naomba msomaji aikumbuke orodha hiyo. Tangu siku ya kwanza, madai ya haki ya mkulima na madai ya kujiunga na India yalisafiri katika gari moja, na sababu ni kwamba mkulima hakuona mlango mwingine wa kupitia.

Mwaka 1949 umati ulizingira kasri, mfalme Tashi Namgyal akakubali serikali ya wananchi, na Tashi Tshering akawa kiongozi wake. Serikali hiyo ilidumu siku 29. India, iliyoombwa na ikulu kutuliza mambo, iliivunja na kumleta ofisa wake kuwa msimamizi mkuu wa utawala. Delhi wakati huo ilitaka utulivu mpakani zaidi ya kura. Oktoba 1950 majeshi ya China yaliingia Tibet, na tarehe 5 Desemba mwaka huohuo Sikkim na India zikatia sahihi mkataba mpya. Ulinzi, mambo ya nje na mawasiliano vilikuwa mikononi mwa India. Sikkim ilibaki na mambo yake ya ndani, nayo ikaitwa rasmi nchi lindwa. Bhutan ilikuwa imetia sahihi mkataba wake mwaka mmoja kabla, nayo ilikubali kuongozwa na ushauri wa India katika mambo ya nje, lakini neno la nchi lindwa halikuandikwa. Tofauti ya neno hilo moja ndiyo iliyoiwezesha Bhutan kuingia Umoja wa Mataifa mwaka 1971.

Aliyeiona tofauti hiyo na kuumia nayo kila siku ni Palden Thondup Namgyal. Hakuzaliwa awe mfalme. Alikuwa mtoto wa pili, akalelewa utawani, hadi kaka yake Paljor, rubani katika jeshi la anga la India ya Waingereza, alipokufa katika ajali ya ndege 1941. Palden alikuwa mpole, mwenye kigugumizi kidogo, mpenda mitambo ya redio, na mwenye ndoto moja kubwa: Sikkim itambuliwe kuwa nchi. Alijenga taasisi ya elimu ya Kitibeti mjini Gangtok, ambayo Dalai Lama aliiwekea jiwe la msingi 1957 na Nehru akaifungua 1958. Alianzisha kikosi cha walinzi wa Sikkim. Mtengenezaji filamu mashuhuri wa Bengal, Satyajit Ray, aliombwa atengeneze filamu ya kuionyesha Sikkim kwa ulimwengu. Ilikamilika 1971, ikaja kupigwa marufuku India, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 2010.

Baada ya mke wake wa kwanza kufariki, Palden alikutana hotelini Darjeeling, mwaka 1959, na mwanafunzi wa Kimarekani aitwaye Hope Cooke. Waganga wa nyota walisema 1962 ni mwaka mbaya kwa ndoa, basi wakaoana Machi 1963, bibi harusi akiwa na miaka 22. Baba yake Palden alifariki mwaka huohuo, na Aprili 1965 Palden akatawazwa, akilirudisha rasmi jina la Chogyal. Magazeti ya Magharibi yalifurahia hadithi ya msichana wa New York aliyekuwa malkia. Delhi haikufurahi. Mwaka 1966 malkia alichapisha katika jarida la taasisi ile makala kuhusu umiliki wa ardhi wa jadi, akidai kwamba hati ya 1835 haikumaanisha kuuza wala kuhamisha nchi, na kwa hiyo Darjeeling ilikuwa bado mali ya Sikkim. Kihistoria hoja yake ilikuwa na mashiko. Kisiasa ilikuwa moto kwenye ghala la majani makavu, kwa maana ilitoka kwa Mmarekani, wakati wa vita baridi, miaka minne tu baada ya China kuipiga India vitani milimani.

Hapa inabidi tuangalie ramani kwa macho ya jenerali wa India. Kusini mwa Sikkim ipo njia nyembamba ya ardhi, karibu na mji wa Siliguri, ambayo mahali pengine haizidi kilomita 22 kwa upana. Ndiyo inayoiunganisha India na majimbo yake yote ya kaskazini-mashariki. Bonde la Chumbi, lililo mikononi mwa China, limechomoza kati ya Sikkim na Bhutan kama ncha inayoelekea njia hiyo. Mwaka 1967 majeshi ya India na China yalipigana kwa mizinga mpakani mwa Sikkim, kwenye mapito ya Nathu La na Cho La. Sielewi namna serikali yoyote ya Delhi ingeweza kulala usingizi na mashaka juu ya nchi hiyo. Hofu yao ilikuwa ya kweli. Ninachokipinga ni walichokifanya na hofu hiyo.

Waziri Mkuu Indira Gandhi, aliyekuwa ameshinda vita vya Bangladesh 1971, hakuwa na subira ya baba yake, Nehru. Na Chogyal, badala ya kujijengea ngome kwa wananchi wake wengi, aliwapa sababu ya kumgeuka. Baraza la Sikkim lilichaguliwa kwa utaratibu wa usawa wa jamii: Wabhutia na Walepcha kwa pamoja walipata viti sawa na Wanepali, ingawa Wanepali walikuwa karibu robo tatu ya watu laki mbili na ushee. Mgombea hakutosha kupendwa na jamii yake. Alitakiwa pia apate asilimia fulani ya kura za jamii nyingine. Juu ya hapo, Chogyal aliteua wajumbe wake. Baada ya uchaguzi wa Januari 1973 wapinzani walilalamika kwamba kura zimechezewa, na tarehe 4 Aprili, siku ya sherehe za miaka 50 ya Chogyal, maandamano yaligeuka ghasia. Maelfu waliteremka kutoka vijijini wakidai kura moja kwa kila mtu. Utawala uliporomoka ndani ya siku chache, na Chogyal mwenyewe akaiandikia India kuiomba ishike usukani.

Ilishika. Tarehe 8 Mei 1973 ukatiwa sahihi mkataba wa pande tatu, kati ya Chogyal, India na vyama vya siasa, uliompa mtendaji mkuu kutoka India madaraka ya kuendesha nchi. Uchaguzi wa Aprili 1974 ulikipa chama cha Sikkim Congress viti 31 kati ya 32. Kiongozi wake, Kazi Lhendup Dorjee, alikuwa mwenyewe mtoto wa tabaka la makabaila, mtawa wa zamani wa Rumtek, mwenye chuki ya miaka mingi na ukoo wa kifalme. Akawa Waziri Kiongozi. Sheria mpya ya serikali ilimgeuza Chogyal kuwa pambo. Alikataa kuitia sahihi, watumishi wa serikali wakaandamana kumuunga mkono, na mwishowe, tarehe 4 Julai, akatia sahihi. Septemba Bunge la India likabuni hadhi ambayo haikuwahi kuwapo katika Katiba yake, likaiita Sikkim jimbo shiriki na kuipa viti viwili Delhi.

Si Wahindi wote waliopiga makofi. B.G. Verghese, mhariri wa Hindustan Times, aliandika tahariri kali kuikosoa serikali yake kwa jambo hilo; mwaka uliofuata alikuwa ameondolewa kwenye kiti cha uhariri. Kathmandu wanafunzi waliandamana. China na Pakistan zililaani. Mataifa mengine yalinyamaza, na kwa kuwa Sikkim haikuwa mwanachama wa Umoja wa Mataifa, hakukuwa na mjumbe wake wa kusimama pale New York na kusema. Miaka mingi baadaye, 2018, G.B.S. Sidhu, ofisa wa ujasusi wa India aliyekuwa Gangtok wakati ule, alieleza katika kitabu jinsi shirika lake lilivyoandaa na kusukuma muungano huo. Wakulima walioandamana walikuwa wakulima wa kweli wenye madai ya kweli. Lakini nyuma yao ulikuwapo mkono uliojua unakokwenda, na wengi wao hawakuambiwa mwisho wa safari.

Februari 1975 Chogyal alikwenda Kathmandu kwenye sherehe za kutawazwa mfalme Birendra, akazungumza na waandishi na wageni wa nchi nyingine kuhusu yanayomsibu. Delhi ilihesabu hilo kuwa uchokozi wa mwisho. Tarehe 9 Aprili, mchana, majeshi ya India yalilizingira kasri. Walinzi wa Chogyal walikuwa mamia machache, wenzao walikuwa maelfu. Mlinzi kijana aliyekuwa langoni alipigwa risasi akafa, na muda si mrefu yote yakawa yamekwisha. Chogyal, mwenye leseni ya redio ya mawasiliano ya mbali, alirusha hewani taarifa kwamba nchi yake imevamiwa, na wasikilizaji wachache ng'ambo waliinasa. Yeye mwenyewe akawekwa kizuizini nyumbani mwake.

Kesho yake, tarehe 10, Bunge la Sikkim lilipitisha azimio la kufuta ufalme na kujiunga na India. Tarehe 14 wananchi wakaitwa kupiga kura ya maoni. Siku nne, katika nchi ya milima mirefu, ambako vijiji vingi vilifikiwa kwa miguu na watu wengi hawakujua kusoma. Swali lilikuwa moja: je, unakubali kwamba cheo cha Chogyal kifutwe na Sikkim iwe sehemu ya India? Kura za ndiyo zilikuwa 59,637. Za hapana, 1,496.

Naamini kwamba, kama swali lingekuwa juu ya ukabaila, au juu ya madaraka ya mfalme, wengi wangesema ndiyo bila kushurutishwa na mtu. Uchaguzi wa 1974 unaonyesha hivyo. Lakini mambo mawili yalifungwa katika fundo moja, na mpiga kura aliyetaka demokrasia ndani ya nchi yake huru hakuwa na mahali pa kuweka alama. Mfalme alikuwa kifungoni, walinzi wake wamenyang'anywa silaha, askari wa jirani wako barabarani. Kura inayopigwa hivyo inaweza kuwa na wingi wa kweli na bado isiwe jibu la haki. Bunge la India lilipitisha marekebisho ya 36 ya Katiba kabla mwezi haujaisha, na tarehe 16 Mei 1975 Sikkim ikawa jimbo la 22. Mwaka 1978 Morarji Desai, aliyekuwa amemrithi Indira Gandhi katika uwaziri mkuu, alikiri hadharani kwamba jambo lile halikufanywa kwa haki, akaongeza kwamba haliwezi kurudishwa nyuma.

Hope Cooke alikuwa amerudi New York na watoto wake tangu 1973; yeye na Chogyal waliachana 1980. Mrithi wa kiti, Tenzing, alikufa katika ajali ya gari 1978. Chogyal alikufa kwa saratani katika hospitali ya New York tarehe 29 Januari 1982. Mwili wake uliporudishwa Gangtok, maelfu ya watu waliusindikiza kupanda hadi mahali pa kuchomea maiti za wafalme, na miongoni mwao walikuwapo walioandamana dhidi yake.

Hatima ya Kazi Lhendup Dorjee ilikuwa chungu zaidi, kwa sababu aliishi muda mrefu kuiona. Uchaguzi wa 1979, wa kwanza tangu muungano, chama chake hakikupata hata kiti kimoja. Wapinzani walimwita muuza nchi. Mshindi alikuwa Nar Bahadur Bhandari, Msikkim wa asili ya Kinepali, ambaye alikuwa amepinga nchi kumezwa. Yaani walewale waliohesabiwa kuwa walisema ndiyo, miaka minne baadaye, katika uchaguzi usio na askari mlangoni, walimchagua mtu wa hapana. Kazi alihamia Kalimpong, akalalamika uzeeni kwamba wakubwa wa Delhi waliokuwa wakimpokea kwa heshima sasa walimsubirisha kwa wiki nyingi. Serikali ya India ilimpa nishani kubwa 2002. Alikufa 2007 akiwa amepita miaka mia.

China ilikataa kuutambua muungano hadi mazungumzo ya 2003 yalipofungua njia, na pito la Nathu La, lililofungwa tangu vita vya 1962, likafunguliwa tena kwa biashara Julai 2006. Sikkim ya leo ina barabara, shule na kipato kinachozidi majimbo mengi ya India. Inaongoza nchini India kwa iliki kubwa, ile nyeusi yenye harufu ya moshi. Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa jimbo la kwanza la India kulima bila mbolea wala dawa za viwandani. Ibara ya 371F ya Katiba inazilinda sheria zake za zamani, na kwa hiyo ardhi ya Walepcha na Wabhutia haiuzwi kwa mtu wa nje, na wenyeji hawatozwi kodi ya mapato. Katika Bunge la viti 32, viti 12 ni vya Wabhutia na Walepcha, na kimoja kinachaguliwa na watawa peke yao. Kiti hicho hakina mfano wake India nzima. Ni kipande cha ufalme kilichobaki hai ndani ya jamhuri.

Lakini swali la nani ni mwenyeji, lile ambalo White alilipanda na ukoo wa Namgyal ukashindwa kulijibu, halijalala. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya India, ikiamua kesi ya kodi ya mapato, iliwataja Wanepali wa Sikkim kuwa watu wenye asili ya kigeni. Gangtok iliwaka. Waandamanaji walijaza barabara, mawaziri wakashinikizwa, na serikali ya jimbo ikarudi mahakamani kuomba maneno hayo yaondolewe. Tarehe 8 Februari Mahakama iliyafuta. Wengi wa walioandamana walikuwa watoto na wajukuu wa wakulima walioteremka vijijini 1973 kudai kura moja kwa kila mtu, na safari hii walikuwa wanadai kuitwa Wasikkim.